Jumapili ya Mbega

Chelangat mwanangu,

Mvua ya saa nane imeanza kama kawaida yake, na baba yako yuko barazani anafunga lile sanduku lako kwa kamba, anazungusha na kuzungusha, utadhani mnahamia nchi nyingine. Wewe umewapeleka watoto kwa majirani kuaga. Nimekaa hapa jikoni na kalamu ya zamani ya mdogo wako Kibet niliyoikuta kwenye droo, na nahesabu nina kama saa moja kabla hamjarudi na matope yenu. Kesho asubuhi mnaondoka. Najua nikikuambia haya kwa mdomo utasema, "Mama, wachana na hayo, yalishapita," halafu utajifanya unaosha vyombo. Ndiyo maana naandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Baba yako alitoka Ndanai na Kipsigis chake, mimi nikatoka ziwani na Kijaluo changu, tukakutana kwa Kiswahili cha kuvunjavunja, na wewe ukazaliwa humo. Upande wa baba yako wakakuita Chelangat. Mama yangu alipokuja kukuona akakuita Adhiambo. Tulipoeleza maana tukacheka wote, kwa sababu majina yote mawili yanasema ulizaliwa jioni.

Sitakuandikia mambo ya mlango, wala gesi, wala maji ya kuchemsha. Wewe ni mama wa watoto wawili, na umefundisha chekechea miaka sita. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kujibu swali lako la Alhamisi. Tulikuwa tunamenya viazi, ukaniambia, "Mama, hapa Cherono na Kipngeno wakiamka wanatoka nje tu. Nairobi, ghorofa ya nne, nitawatoa niwapeleke wapi? Kila mahali pa watoto ni kulipa. Unalipa mlangoni, unalipa kuruka, unalipa hata kukaa." Mimi nikakujibu, "Mungu atasaidia," nikaendelea na kiazi changu.

Lilikuwa jibu la kuikimbia kazi. Jibu lenyewe ninalo, lakini limefungamana na jambo ambalo sijawahi kulizungumza nawe sawasawa tangu ulipokuwa na miaka tisa.

Wakati ule tulikuwa bado tunaishi laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, chumba kimoja na jiko la nje. Mimi nilikuwa nachuma, baba yako alikuwa kwenye boila kiwandani. Unakumbuka moshi ulivyokuwa unanuka kuni na chai kwa pamoja. Nilipofika Kericho mara ya kwanza, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka ziwani ambako nyasi hukauka zikawa rangi ya mbwa, niliposhuka barabarani na kuona ile chai nilidhani kuna mtu ameichana milima kwa kitana. Nilisimama na begi langu kichwani nikasahau kulishusha. Yule aliyekuja kunipokea alinivuta mkono mara mbili. Nakuambia hili ujue kwamba kushangaa nilikuwa nakuweza. Kisha nikafanya kazi ndani ya uzuri ule siku baada ya siku, mgongo ukiuma, vidole vikiwa vyeusi, na baada ya miaka michache nikawa siuoni tena. Nilikuwa naona kilo.

Wewe ulikuwa mtoto mkimya. Ulipenda kukaa karibu. Ukinisikiliza ulikuwa unaleta uso wako mpaka karibu na wangu, nami nilifikiri ni mapenzi tu, na pengine yalikuwa mapenzi pia. Ulikuwa unajikwaa. Ulivunja vikombe. Ukitumwa dukani ulikuwa unawapita watu bila kuwasalimu, na akina mama wa laini wakaanza kuniambia, "Huyo msichana wako ana maringo." Nilikugombeza kwa hilo. Nilikugombeza sana.

Halafu ukafika darasa la tatu na daftari zikaanza kurudi na wino mwekundu. Mwalimu aliandika kwamba hunakili ubaoni. Muhula uliofuata akaandika kwamba unanakili kwa jirani. Baba yako alishika ile ripoti kwa mikono yake miwili iliyojaa majivu akasema, "Mtoto wangu ni mvivu, na tena ni mwongo." Ukasimama mbele yetu ukitazama chini. Nilikuuliza, "Kwa nini huandiki kama wenzako?" Ukasema, "Nitaandika, mama."

Siku ulipovunja flaski, ile ya maua niliyopewa na mama yangu, nilikupiga kwa mwiko. Nilikupiga miguuni na mikononi, na nilipokuwa nakupiga nilikuwa naona ripoti, si flaski. Hilo nataka uliweke akilini. Nitalirudia chini.

Sasa kuhusu kutoka. Mwaka ule nilikuwa nimeamua kwamba watoto wangu hawatakua kama mimi, wasiojua kitu ila njia ya mtoni. Wenzetu wa ofisini walikuwa wanapeleka watoto Kisumu wakati wa likizo, wanarudi na picha. Nikasema na sisi tutaenda. Niliipanga ile safari miezi minane. Niliwaambia ninyi kila mlipokosea, "Hakuna Kisumu," na kila mlipofanya vizuri, "Mtaona Kisumu." Nilikushonea gauni. Nikamnunulia Kibet viatu vilivyombana kwa sababu vya saizi yake havikuwapo na siku ilikuwa imefika. Baba yako alinyoa ndevu akajikata.

Unakumbuka yaliyotokea, lakini nataka uyasikie kutoka upande wangu. Kibet alitapika kabla hatujafika. Jua la Kisumu lilitupiga kama limetungoja sisi. Kila tulipogeuka palikuwa na kitu cha kulipia, puto, mwenye ngamia, mpiga picha, na kila kitu Kibet alikitaka na kila kitu mimi nilikikataa, mpaka nikawa sina neno lingine mdomoni ila "hapana." Mimi na baba yako tuligombana mbele ya watu kuhusu sahani ya chipsi. Tulipofika ufukweni palikuwa na viboko ndani ya maji, mbali kidogo, na watu wote walikuwa wananyoosha vidole. Nikakunyanyua, mtoto mzima wa miaka tisa, nikakuambia, "Umemwona? Umemwona kiboko?"

Ukasema, "Ndiyo, mama."

"Mkubwa?"

"Mkubwa sana."

Nilikushusha nimeridhika. Nilijiambia, basi, angalau Chelangat ameona kiboko. Tulirudi tumelala mmoja juu ya mwingine, na baba yako akasema hatutatoka tena mpaka atakapostaafu. Mimi nikakubali. Nilikuwa nimeamini kwamba kutoka na watoto ni jambo la watu wengine.

Ikapita kama miezi miwili. Jumapili moja baba yako alikuwa zamu, kanisa likaisha mapema kwa sababu mhubiri alikuwa mgonjwa, na mimi sikutaka kurudi kwenye kile chumba. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na chapati za asubuhi zimefungwa kwenye leso na chupa moja ya maji. Kibet alikuwa anaruka kwenye madimbwi, nawe ulikuwa umeshika mkoba wangu kwa nyuma kama ulivyozoea. Badala ya kukata kushoto kwenda laini tukakata kulia, tukateremka kwenye ule ukanda wa msitu ulioachwa kando ya mto, kati ya chai na mji. Nilikuwa nimepita juu yake kila siku kwenda kuchuma. Sikuwa nimewahi kuingia.

Ndani palikuwa baridi na palinukia udongo. Hakuna aliyetuuliza tiketi. Tulikaa kwenye mzizi wa mti uliokuwa mpana kuliko kitanda chetu, tukala chapati, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa nimemkemea mtu kwa nusu saa nzima. Kisha majani ya juu yakatikisika.

Sijui niwaelezeje wale mbega. Nilikuwa nimesikia watu wa shamba wakiwataja, nikadhani ni nyani tu. Chelangat, walikuja kwa kuruka kutoka mti hadi mti, weusi tititi, na yale manyoya meupe ya mabegani yakifunguka hewani kama shuka linalokung'utwa, na mikia yao meupe ikining'inia chini yao. Mmoja aliruka juu yetu moja kwa moja, ng'ambo ya mto mpaka upande huu, na kwa muda mfupi hakuwa ameshika kitu chochote duniani. Nilisikia mdomo wangu umefunguka. Nilikaa pale na miaka yangu thelathini na moja nikajihisi kama nimeshuka barabarani leo na begi kichwani. Kibet alipiga kelele, "Wanaruka! Wanaruka! Mama, ona yule mtoto yake!" Kweli kulikuwa na kitoto cheupe chote kimejishikiza tumboni mwa mama yake.

Nikageuka nikuone ukifurahi.

Ulikuwa unatabasamu. Ulikuwa umeinua uso, umepanga uso wa mtu anayefurahi, lakini ulikuwa unatazama upande ambao hapakuwa na kitu. Ulikuwa unafuata sauti ya Kibet.

"Ni wazuri, mama," ukasema.

Nikauliza, bila hata kufikiri, "Wako wangapi?"

"Wengi."

"Wana rangi gani?"

Kibet akasema, "Si wako hapo juu! Hapo!" Nawe ukatazama kidole chake, ukatazama juu, ukanitazama mimi. Tabasamu lilikuwa bado lipo, na macho yamejaa maji.

"Usinipige," ukasema. "Nitaangalia vizuri. Usinipige, mama."

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka nilirudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, nikainua vidole vitatu nikakuuliza ni vingapi. Ukasema vitatu. Nikarudi tena hatua tatu, nikainua viwili. Ukaniambia, "Mama, siwezi kujua una mkono au huna."

Hatua sita tu. Ubao wa darasa lako ulikuwa mbali zaidi ya hapo. Wale akina mama uliokuwa unawapita bila salamu walikuwa mbali zaidi ya hapo. Kiboko alikuwa mbali zaidi ya hapo. Nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa, na gauni langu la kanisa, na nikaona kila kitu nilichokufanyia kikirudi kimoja kimoja na kusimama mbele yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikakuuliza.

Ukanijibu kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka huacha ninachofanya. Ulisema, "Nilifikiri watu wote wanaona hivi. Nilifikiri wenzangu wanajaribu sana kuliko mimi."

Baba yako aliporudi zamu nilimwambia, "Huyu mtoto haoni." Akasema, "Anaona. Si anatembea?" Nikamwambia ampime mwenyewe. Akavua kofia, akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, akaishika kofia kwa mkono mmoja akauliza ni mkono gani. Ulinyoosha kidole, ukakosea. Akabadilisha. Ukakosea. Hakujaribu mara ya tatu. Aligeuza ndoo akakaa juu yake, akaizungusha ile kofia kwenye magoti. Jumanne yake alibadilishana zamu, tukakupeleka hospitali ya Longisa kwa daktari wa macho. Daktari alisema huenda ulikuwa hivyo tangu mdogo kabisa. Hakutulaumu. Nilitamani atulaumu kidogo.

Miwani ilichukua wiki mbili. Baba yako aliileta Jumamosi giza likiwa limeingia, na kwa taa ya chumba chetu ulichoona ni sisi tu na sufuria. Ukanisogelea ukanigusa hapa pembeni mwa macho. "Mama, una mistari." Nikasema, "Ninayo." Ukaigusa yote.

Asubuhi ya Jumapili nikamwambia baba yako hatuendi kanisani, tunaenda msituni, sote wanne. Alinitazama kama nimerukwa na akili, kisha akachukua koti. Tukafunga chapati na chai ya maziwa. Tulipofungua mlango, ukungu ulikuwa umeshuka kila mahali, ule ukungu wetu wa Kericho, huoni hata choo cha jirani. Ulisimama kizingitini na miwani yako mipya, na nikaona uso wako umeanguka. Ulidhani ndivyo itakavyokuwa.

Tulitembea ndani ya weupe ule. Tulipofika juu ya kilima, pale njia inapogeuka, jua lilikuwa limeanza kupasha, na ukungu ukaanza kunyanyuka. Uliondoka kutoka chini kwenda juu, polepole, kama mtu anakunja blanketi kutoka miguuni. Kwanza ikaonekana chai ya karibu. Kisha safu iliyofuata. Kisha bonde. Kisha kilima cha ng'ambo, na kile cha nyuma yake, na kile cha nyuma yake, mpaka mwisho, kijani juu ya kijani, na juu yake mbingu imeoshwa.

Ulisimama. Uliachia mkoba wangu. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuuachia njiani bila kuambiwa.

"Kumbe ni mmoja mmoja," ukasema.

Baba yako akauliza, "Nini?"

"Miti ya chai. Kila mmoja uko peke yake. Nilijua ni kitu kimoja." Ukanyoosha mkono. "Na ile nyekundu kule?"

"Ni nguo imeanikwa laini ya tatu," nikasema.

"Naiona inapepea. Mama, naiona inapepea." Kisha ukainua uso kwenye mkaratusi uliokuwa kando ya njia, ukatazama juu, juu, mpaka ukaangukia nyuma na kukaa. "Una majani mpaka kule mwisho? Yote haya ni majani?"

Nilimtazama baba yako. Alikuwa amevua kofia kama yuko kanisani, na amegeukia upande wa mto ili usimwone uso. Mimi nilikuwa natazama pale ulipokuwa unatazama. Nilikuwa nimechuma ile chai miaka kumi na miwili, na Chelangat, nakuapia, hata mimi nilikuwa sijaona kwamba ni mmoja mmoja.

Mbega hawakuja siku hiyo. Kibet alilia kwa hilo. Wewe hukujali hata kidogo. Uliwaona Jumapili ya tatu, ukaniambia bila kuulizwa, "Saba, na mmoja ana mkia uliokatika."

Hapo ndipo tulipojifunza kutoka, na hatukujifunza bila kukosea. Kosa langu la kwanza baada ya miwani lilikuwa kuifanya kila Jumapili iwe mtihani. Yule ni ndege gani? Hesabu ng'ombe wale. Soma kile kibao. Nilikuwa naogopa, nataka kuhakikisha kila dakika kwamba bado unaona. Mpaka siku moja ukaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, leo usiniulize kitu." Nikanyamaza kuanzia daraja mpaka nyumbani. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchuma. Na siku hiyo ulizungumza wewe, njia nzima.

Kosa lingine lilikuwa kutaka kufika. Nilikuwa nikisema tunakwenda mtoni, basi ni mtoni, na Kibet akikaa chini kutazama siafu wakivuka njia, mimi namvuta. Baba yako ndiye aliyenigeuza. Alisema, "Kwani mto unahama?" Akakaa na Kibet. Walikaa na wale siafu mpaka mvua ya saa nane ikatukuta pale pale, na hatukuona mto, na Kibet alizungumza habari za siafu mwezi mzima. Tangu hapo tukawa tunatoka asubuhi, chakula kimetoka jikoni kwetu, sweta kiunoni, mahali pa kufika kwa miguu ya mdogo wetu kwenda na kurudi, na anayechagua njia ni mtoto. Tukichoka tunarudi. Hatukuwahi tena kuwatishia kwa safari wala kuwahonga kwa safari. Ilikuwa Jumapili tu, kama ugali.

Na vitu tulivyoona! Unaikumbuka mvua ya mawe ile iliyotukuta karibu na kibanda cha kupimia chai? Baba yako alitufunika kwa koti lake, na lile bati juu yetu lilikuwa linapiga kelele mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Ilipoisha, mashamba yote yalikuwa meupe. Meupe, Kericho, chini ya jua. Mliokota yale mawe ya barafu mkayaweka mdomoni, na mvuke ukawa unapanda kutoka kwenye chai kana kwamba ardhi inapumua. Nilijua wiki hiyo hakutakuwa na majani ya kuchuma, na nilijua maana yake kwa nyumba yetu. Bado nilisimama nimeshika jiwe la barafu mkononi mpaka likaisha, na sikuwa na huzuni hata chembe. Sijui hilo nilielezeje. Liko hivyo tu.

Sasa Nairobi. Mwezi wa Desemba tulipokwenda kuona nyumba, ulifanya nilichofanya mimi Kisumu. Sikusema kitu kwa sababu Baba Cherono alikuwa amejitahidi. Uliwapeleka watoto kule kwenye majumba ya kuruka yaliyojazwa upepo, foleni ndefu, Kipngeno akalia kuingia na akalia kutoka, na Cherono akakasirika kwa sababu muda uliisha kabla hajapata zamu yake vizuri. Ulirudi umechoka, ukasema, "Watoto wangu hawana shukrani." Niliposikia sauti yako nilisikia yangu.

Lakini kesho yake asubuhi, ulipokuwa bado umelala, niliteremka nao kununua maziwa. Kuna mti wa mgunga pale kwenye kona, kando ya mtaro, karibu na wale wanaouza mkaa. Umejaa viota vya kwera, wale ndege wa manjano. Cherono alisimama chini yake. Kulikuwa na dume mmoja anasuka kiota, anakuja na ujani mrefu mdomoni, anaupitisha, anauvuta, ananing'inia kichwa chini, anaenda kuleta mwingine. Watu walitupita, pikipiki zilitupita, muuza mkaa akasogeza gunia lake ili tusimame vizuri. Akasema, "Hao mimi huwaangalia kila siku, nyanya. Juzi jike alikuja akakagua nyumba, akakataa. Ule mume akaibomoa yote akaanza upya." Cherono akamuuliza, "Alikasirika?" Yule mtu akafikiri kwanza. Akasema, "Sidhani. Alianza tu." Kipngeno alikuwa ameketi kwenye viatu vyangu na mdomo wazi. Tulirudi na maziwa yameanza kupata joto, na wewe ukauliza tulikuwa wapi muda wote huo, na mimi nikasema foleni ilikuwa ndefu. Nisamehe kwa uwongo huo mdogo. Sikutaka uone nakufundisha.

Siijui Nairobi. Sijui wapi pana nyasi ambazo askari hatawafukuza, wala bustani ipi haina malango ya kulipia, wala daraja gani lina maji chini yake. Hayo mtayatafuta wenyewe kwa miguu, na mtakosea, na siku nyingine mtarudi mmenyeshewa na mmegombana. Sikuahidi kwamba kila Jumapili ukungu utanyanyuka. Mara nyingi hunyanyuka tukiwa tumeshageuka nyumbani. Ninachokijua ni kwamba mimi nilikaa na wewe chumba kimoja miaka tisa, nikakulisha, nikakuosha, nikakusuka nywele, na sikukuona. Nilikuona siku tulipotoka nje bila haja yoyote, bila kutafuta kitu, na nikapata nafasi ya kugeuza shingo nitazame uso wako.

Lile la mwiko nilisema nitalirudia. Nilikupiga kwa kutoona, mwanangu. Baadaye nilikununulia miwani, nikakununulia viatu, nikakupikia mayai kila Jumamosi, na nikadhani hayo yanatosha kuwa msamaha. Hayakuwa. Nilikuwa naogopa kusema neno lenyewe kwa sababu nilidhani mama akiliomba kwa mtoto, kuna kitu kitavunjika. Sasa nasema. Nilikukosea. Baba yako pia anajua naandika hili, nimemsomea kipande hiki sasa hivi kupitia dirishani, naye akasema, "Niweke na mimi hapo." Basi nimemweka. Tulikukosea sisi wawili. Tusamehe.

Mwezi wa nane chai ikipungua nitakuja. Usiniandalie kitu, usipike kuku, usimwombe Baba Cherono ruhusa ya kazi. Nataka Cherono anishike mkono wa kulia na Kipngeno wa kushoto, wanipeleke mahali wanapopajua wao na mimi sipajui. Nitatembea mwendo wao. Wewe kaa nyuma yetu, upumzike, na utazame unachotaka.

Nenda salama, Adhiambo wa mama yangu, Chelangat wa baba yako.

Aliyekuzaa jioni ile,
Mama